Daraja Limepatikana

Nchi hii si ya hapo kale. Ipo mpaka leo, na hiyo ndiyo taabu yake. Jina lake hatulitaji, maana wenyewe wamelibadilisha mara kadhaa ili lipendeze kwenye maombi ya misaada, na tukilitaja leo huenda kesho tukawa tumeisingizia nchi nyingine. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kila jambo na manaibu wa mawaziri wa kila jambo. Na juu ya hayo yote ina Taasisi ya Juu ya Uhusiano wa Kimataifa na Maendeleo Yanayoendelea, jumba la vioo lenye lifti isiyopanda, ambalo kila mwaka huwavisha majoho madakta wapya mpaka majoho yenyewe yanapungua. Hawa si madaktari wa kutibu wagonjwa. Hao ni adimu kama wali wa daku. Hawa ni madakta wa kueleza kwa nini wagonjwa wamekufa.

Katika Taasisi hiyo aliingia mwanamke mmoja, mwalimu wa sekondari, jina lake Nyamizi. Aliingia kwa bahati tu. Katika ombi lake alieleza kuwa angependa kuchunguza uhusiano kati ya Serikali na Ng'ambo, na kamati ya udahili, iliyojaa watu ambao kwao ng'ambo ni Ulaya na viunga vyake, ikapiga makofi na kumpitisha. Hakuna aliyemuuliza ng'ambo ipi. Ng'ambo ya Nyamizi ilikuwa kijiji alichozaliwa, upande wa pili wa mto Luhoza, na mtu akisimama ukingo wa huku aliweza kuuona moshi wa jikoni kwa mama yake.

Udaktari wenyewe haukumnyima usingizi. Nyamizi alitaka daraja. Hospitali ilikuwa upande wa huku, soko upande wa huku, Serikali nayo upande wa huku. Upande wa kule walikuwepo watu tu. Kiangazi walivuka kwa mtumbwi. Masika, mto ulipofura, hata mwenye mtumbwi alijificha, na ilikuwa masika moja kama hiyo ambapo Kalunde, dada yake Nyamizi, alifia ukingoni juu ya kitanda cha kamba, mtoto amekwama tumboni, bati la hospitali linang'aa ng'ambo ya maji na kila mtu analiona. Tangu siku ile Nyamizi aliuchukia mto, na zaidi ya mto aliwachukia watu waliolala salama chini ya lile bati.

Kijiji kiliomba daraja. Kikaomba tena. Kila mara jibu lilirudi lilelile, limegongwa mhuri: daraja lenu lipo, someni tafiti. Ndipo Nyamizi alipojiambia kuwa dawa ya moto ni moto. Kama kinachowaua watu wa kwao ni utafiti, basi angeufuata hukohuko unakozaliwa.

*

Katika Taasisi ile, mwanafunzi akifika haulizwi ametoka wapi wala amekula nini. Anaulizwa pengo. Pengo ni jambo ambalo waliotangulia hawajaliandika, na mwanafunzi asiye na pengo hana pa kukaa. Wapo waliotafuta pengo mpaka wakaota mvi, wakatunukiwa udaktari wa kutafuta.

"Pengo lako liko wapi, mama?" aliuliza Profesa Lugendo siku ya semina ya kwanza. Ndiye aliyekuwa msimamizi wake, mtu mpole aliyekuwa na mazoea ya kuzungumza huku akiutazama mlango.

"Liko mto Luhoza, Profesa. Huku kuna ukingo, kule kuna ukingo, katikati hamna kitu."

Darasa likaangua kicheko. Profesa alingoja kitulie.

"Tunazungumzia pengo la utafiti, si pengo la mto. Na kuhusu daraja la Luhoza, nasikitika kukwambia, hakuna pengo hata la kupitisha sindano. Limeandikwa likaandikika."

Alisema kweli. Nyamizi alishuka maktabani akakuta rafu nzima imepinda kwa uzito wa daraja la Luhoza. Kulikuwa na tasnifu juu ya daraja na ukombozi wa mwanamke wa pembezoni. Kulikuwa na nyingine juu ya changamoto za kulikarabati. Mmoja alikuwa amepima msongamano wa magari darajani saa za asubuhi, akapendekeza lipanuliwe. Mwingine, kijana wa mrengo mkali, alililaani daraja kwa kuleta ubepari vijijini, akataka livunjwe. Nyamizi alisoma hiyo ya mwisho akatamani kumkumbatia huyo kijana, maana walau yeye alikuwa radhi lisiwepo.

Alirudi ofisini kwa Profesa Lugendo na vumbi la maktaba puani.

"Profesa, samahani. Wewe umewahi kulivuka?"

Profesa aliutazama mlango. "Kulivuka sijalivuka. Nimelinukuu."

"Na hawa wengine?"

"Mama, utafiti una utaratibu wake. Masika barabara haipitiki. Kiangazi watafiti wako kwenye makongamano. Mtafiti makini hufika mjini wilayani, hukaa hotelini, huwasaili wadau. Wadau ndio wanaojua."

"Wadau ni nani?"

"Ni watafiti waliofika kabla yake."

*

Mtu mwingine angenyamaza akatafuta pengo lenye adabu. Nyamizi alikuwa na kichwa kigumu, na kichwa kigumu hakikosi kazi. Aliamua kufuata nukuu moja moja kurudi nyuma mpaka aone aliyesema kwanza. Kila tasnifu iliiegemea iliyotangulia, kama walevi wanaosindikizana nyumbani, na wa mwisho kabisa, yule ambaye wote walimwegemea, hakuwa mtafiti. Alikuwa ni hotuba.

Hotuba hiyo ilitolewa na Mheshimiwa Kilumbi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje enzi Nyamizi angali mtoto. Watu wa Ng'ambo walikuwa wamemtumia ujumbe mfupi kupita kiasi: tunaomba daraja. Mheshimiwa akaubeba ujumbe huo kwenye Mkutano Mkuu wa Mataifa Rafiki, ambako alikaa, akala, akapongezwa. Aliporudi alikwenda hadi mto Luhoza, akasimama ukingo wa huku ambako palikuwa na hema na viti, akashika kipaza sauti na kuwatangazia walioko kule: "Ndugu wananchi! Mliomba daraja. Daraja limepatikana!" Ng'ambo nzima ililipuka kwa vigelegele. Wanawake walitandika khanga chini. Vijana walikwenda usiku ule ule kuchota mchanga ili mafundi wakifika wasikawie.

Wasomi wote walinukuu maneno hayo na kuishia hapo. Nyamizi alikwenda hadi redio ya Taifa, akamsumbua mtunza kanda mpaka akampigia hotuba yote. Akasikia sentensi iliyofuata, ile ambayo vigelegele vilikuwa vimeimeza: "Kuanzia leo nchi yetu imetolewa katika daraja la mataifa hohehahe, na kupandishwa daraja la mataifa yenye matumaini ya wastani!"

Aliomba kanda irudishwe. Akasikiliza tena. Mtunza kanda alimwona akicheka, akacheka naye kwa heshima, kisha akaona kicheko kimegeuka kilio, akazima mashine. Watu wa kwao walikuwa wameomba kitu cha kukanyaga. Walikuwa wamepewa cheo. Na cheo chenyewe hawakupewa wao, ilipewa nchi, nao wakaachiwa mchanga waliouchota.

*

Tasnifu yake ilisema jambo moja tu kwa namna nyingi: daraja halipo. Iliambatana na picha alizopiga mwenyewe masika, za mto mwekundu na matete na kitanda cha kamba. Siku ya utetezi alivaa gauni la kuazima, akaingia ukumbini, akawakuta wamekaa mezani watatu: Profesa Lugendo aliyekuwa akiutazama mlango, Mkurugenzi wa Taasisi, Profesa Balozi Mkumbukwa, ambaye hajawahi kupelekwa ubalozi wowote lakini hakukubali kuitwa bila neno hilo, na mtahini wa nje, Profesa Bergmund kutoka katika moja ya Mataifa Rafiki, aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi na akakipenda vivyo hivyo.

"Mtahiniwa," alianza Mkurugenzi, "hizi ni picha za nini?"

"Za daraja la Luhoza, Mheshimiwa."

"Silioni daraja."

"Hiyo ndiyo hoja yangu, Mheshimiwa."

Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Binti, tuelewane kielimu. Picha ya kitu inathibitisha kitu. Sasa picha ya kutokuwepo kwa kitu inathibitisha nini? Inathibitisha tu kwamba mpiga picha aliielekeza kamera pasipo. Hata mimi nikipiga picha choo cha nyumbani kwangu, haitaonekana Ikulu. Je, Ikulu haipo?"

"Ipo, Mheshimiwa."

"Ahaa! Iandikwe kuwa mtahiniwa amekiri."

Profesa Bergmund aliinua kidole. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. "Bibie, tasnifu yako yanifadhaisha mno. Mimi nimeandika kitabu kinene juu ya daraja hili. Chuoni kwetu wameniundia kiti cha uprofesa, nacho kimesimama juu ya daraja hili. Wanafunzi wangu wameandika juu ya kitabu changu. Ikiwa daraja halipo, sisi sote tumesimama juu ya nini?"

"Sijui, Profesa. Sisi huwa tunasimama ndani ya maji."

Profesa Bergmund aliliandika jibu hilo kwa furaha, akauliza kama angeweza kulitumia.

Ndipo Mkurugenzi akasimama. Mtu huyo alipokuwa akisimama, wenye njaa walijua wamechelewa chakula. "Waheshimiwa, tusiwe watumwa wa nadharia za kigeni. Wahenga wetu, ambao ndio wananadharia wa kwanza wa uhusiano wa kimataifa, walikwishamaliza mjadala huu. Walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Taasisi hii imeikuza hekima hiyo kuwa Nadharia ya Lisemwalo, na inafundishwa muhula wa pili. Mtahiniwa, daraja la Luhoza linasemwa au halisemwi?"

"Linasemwa, Mheshimiwa. Lakini..."

"Linasemwa! Basi lipo. Na kama wewe kwa macho yako unasisitiza halipo, basi laja. Na lijalo, katika nchi inayoendelea, huitwaje? Huitwa linaloendelea." Akakaa, amejifurahisha. "Tasnifu ni nzuri. Kilichopungua ni neno moja tu. Kila palipoandikwa 'halipo', paandikwe 'linaendelea kuwepo'. Hatuombi zaidi ya hapo. Akikataa, aondoke bila kitu, na jina lake tutalituma vyuo vyote rafiki, ili wasije wakasumbuliwa."

Akapewa mpaka saa nane mchana kufikiri.

*

Profesa Lugendo alimfuata kwenye ngazi, kwa sababu lifti haikuwa inapanda wala kushuka.

"Andika neno wanalolitaka," alisema kwa sauti ya chini.

"Profesa, wewe mwenyewe unajua halipo."

"Najua. Nami nilifika pale, zamani, nikayatazama yale maji."

"Ukaandika nini?"

"Si unaniona niko hapa?" Kwa mara ya kwanza hakuutazama mlango, labda kwa sababu kwenye ngazi hapakuwa na mlango. "Nisikilize, mama. Mwanafunzi akisema daraja halipo, ataitwa mkaidi. Dakta akisema halipo, ataitwa mtafiti. Maneno ni yaleyale, tofauti ni joho. Wewe meza hilo neno moja leo, upate jina, kisha kesho upande jukwaani useme kweli yako yote. Nani atamziba mdomo Dakta?"

"Na wewe mbona hukusema, ulipolipata jina?"

Profesa alikuna shingo. "Nilikuwa na mambo mengi," alisema.

Nyamizi aliketi kwenye ngazi ile peke yake. Akamfikiria Kalunde. Akawafikiria watu wa Ng'ambo, ambao kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kuwa na mtu wao hata mmoja upande wa huku mwenye jina la kusikilizwa. Akirudi bila kitu, atarudi na nini? Na hasira, na hasira kijijini walikuwa nazo za kutosha. Akajiambia kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kwamba kuinama siku moja si kulala chini. Ndivyo wanavyojiambia wote wanaoinama, ila yeye hakuwa na mtu wa kumkumbusha.

Saa nane ilipofika akainama. Neno "halipo" lilifutwa kila lilipokuwa. Watahini wakashikana mikono, Profesa Bergmund akamkumbatia kwa nguvu za mtu aliyeokolewa kazi yake, na Mkurugenzi akatangaza kuwa Nyamizi ametunukiwa udaktari wa falsafa, daraja la kwanza.

Jioni redio ya Taifa ikasema: binti wa Ng'ambo apata daraja la kwanza.

*

Dakta Nyamizi hakukawia. Joho hata halijarudishwa, alikwenda wizarani akamwona Katibu Mkuu, bwana mmoja mnene, mchangamfu, aliyempokea kwa mikono miwili na kumwagizia chai.

"Hongera sana, Dakta. Nchi inajivunia."

"Asante. Nimekuja kuhusu daraja la Luhoza. Halipo. Halijawahi kuwepo. Nataka Serikali ilijenge kabla masika haijakolea."

Katibu Mkuu alitabasamu kama mtu anayesikia kisa cha kale. "Aa, hayo ni mawazo yaliyopitwa na wakati, Dakta. Yalikuwepo malalamiko, nakubali. Bahati nzuri tumepata utafiti mpya." Akavuta tasnifu iliyokuwa mezani, ingali inanuka gundi, akasoma kwa madaha: "'Daraja la Luhoza linaendelea kuwepo.' Umeona? Mwandishi amefika mpaka pale mtoni."

"Mwandishi ni mimi!"

"Ndiyo maana tumeiamini. Wale wa zamani, kusema kweli, tulikuwa na shaka nao. Watu wa hotelini wale. Lakini huyu ni mzaliwa wa palepale, na ana daraja la kwanza. Tumeshaagiza nakala isambazwe mpaka tarafani, wananchi wasomewe, wasiendelee kuomba kitu walicho nacho."

"Bwana Katibu, niliandika vile kwa sababu nilishurutishwa. Leo nakwambia kwa mdomo wangu kuwa halipo."

"Mdomo!" Katibu Mkuu alisikitika kwa niaba yake. "Dakta, wewe ni msomi. Unataka Serikali iache maandishi ifuate mdomo? Kama una maoni tofauti na ya Dakta Nyamizi, andika tasnifu nyingine umpinge. Lakini sijui kama watakukubalia. Nadhani watakwambia hakuna pengo."

Chai ikaja. Hakuinywa. Alitoka pale akajaribu magazeti, yakamwomba aandike makala juu ya mafanikio yake. Akajaribu bunge, akaambiwa kamati inayohusika iko ziarani kujifunza madaraja ya nchi za nje. Usiku alilala akijichukia. Asubuhi aliamka akakuta mwaliko wa kutoa mhadhara katika Taasisi, mbele ya mabalozi, na kichwa cha mhadhara wamekwishamchagulia. Akakubali. Aliapa kuwa akishika kipaza sauti atasema lile neno walilolifuta, liwalo na liwe.

Siku ya mhadhara mvua ilikuwa imenyesha nchi nzima. Mabalozi walikuwa wamekwishaketi, adhuhuri, na yeye amesimama nyuma ya pazia na karatasi zake, simu ilipolia. Alikuwa mama yake.

"Shikamoo, mama. Mbona kelele hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Ni maji hayo. Tuko mtoni." Mama alikuwa anahema. "Wifi yako ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mkunga kasema kule nyumbani hayawezi. Tumembeba kitandani mpaka hapa. Sasa hatulioni. Liko upande gani?"

"Nini, mama?"

"Daraja. Redioni si walisema umepata daraja la kwanza? Wazee wakasema la kwanza linatosha, la pili litakuja. Haya tuelekeze upesi, mtoto wa watu anaumia."

Akalishika lile pazia. "Mama, halipo. Sikiliza. Daraja halipo. Halijajengwa. Msiingie kwenye maji."

"Usinitanie saa hizi, Nyamizi. Bwana Afisa Tarafa kaja mwenyewe, katukusanya, katusomea maneno yako ulivyoyaandika. Nikawaambia watu, huyu mwanangu, tangu anatambaa, hajui uongo."

"Mama, niliandika uongo!"

Sauti ya mama ikawa ya upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa wa homa.

"Umesoma mno, mama yangu, umechoka. Pumzika. Kaka yako anasema labda liko kule kwenye kona ya mto, nyuma ya matete. Tutaliona tu. Haya jamani, inueni."

"Mama! Mama, nisikilize!"

Ukumbini Mkurugenzi alikuwa amemaliza kulitaja jina lake na makofi yalikuwa yameanza. Simu haikuwa imekatwa. Nyamizi alisikia wanaume wakiguna chini ya uzito wa kitanda, na matope yakivuta miguu yao, na wifi yake akiuliza kwa sauti nyembamba kama wamekaribia. Mama akamjibu avumilie kidogo tu, daraja lipo, Nyamizi mwenyewe ndiye aliyesema.